Ukuta Uleule, Lenzi Ileile

Kwenye njia ninayopita kila jioni nikitoka kazini kuna ukuta mrefu uliobanduka rangi. Saa nyingi za mchana ni ukuta tu, hauna la kutazama. Lakini jua linapokaribia kuzama, mwanga unakuja kwa ubavuni, karibu sambamba na ukuta wenyewe, na kila kipande cha rangi kilichojikunja kinaangusha kivuli chake chembamba. Mabaka yanainuka, nyufa zinaonekana zina kina, unaweza karibu kuzihesabu tabaka za rangi za miaka yote iliyopita. Hali hiyo hudumu dakika kumi hivi, kisha kivuli cha jengo la upande wa pili hupanda na kufunika kila kitu.

Nimeupiga picha ukuta huo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sasa nasema bila kusita kwamba umenifundisha kuliko safari zote nilizowahi kufunga na kamera begani.

Sisi wapenzi wa picha tusio na studio wala wateja tumezoea kuambiana tutafute mandhari. Twende milimani, twende ufukweni, twende kokote ambako hatujafika. Sipingi kusafiri. Ninachopinga ni kumfanya mtu anayejifunza aamini kwamba picha yake mbaya ilitokana na mahali pabaya. Mahali papya panasisimua, na ule msisimko unaingia kwenye kumbukumbu zako, hauingii kwenye picha. Ukirudi nyumbani huwezi kujua kama picha imependeza kwa sababu ya ulichofanya au kwa sababu mlima ni mlima. Lakini ukisimama mbele ya ukuta uleule, na lenzi ileile, picha ya jana na ya leo zikitofautiana basi kuna sababu, na sababu hiyo unaweza kuitafuta mpaka uipate.

Mfano wa kwanza ulinichukua wiki kadhaa. Sehemu moja ya ukuta ilikuwa na chokaa nyeupe, na kila nilipoipiga kwa karibu ilitoka ya kijivu, imefubaa. Kumbe kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kwamba chokaa ni nyeupe. Kinachokijua ni kiasi cha mwanga unaokifikia, na kwa asili yake hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikikutana na cheupe kitupu, hukitia giza ili kishuke kwenye wastani huo. Kikikutana na cheusi, hukipandisha mpaka kinapauka. Kamera za siku hizi zina akili zaidi kuliko za zamani, lakini tabia hiyo haijawatoka. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kwa chokaa ninajumlisha hatua moja, yaani mwanga mara mbili, na paka mweusi akilala chini ya ukuta ninatoa moja. Nilikuwa nimeyasoma haya mara nyingi. Kuyaelewa kulikuja siku niliyolinganisha picha na ukuta wenyewe nikiwa bado nimesimama mbele yake.

Niseme pia kuhusu vifaa, maana navipenda. Napenda uzito wa lenzi ya chuma mkononi, napenda mlio mfupi wa shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, na naweza kukaa jioni nzima nikilinganisha lenzi mbili ambazo sina mpango wa kuzinunua. Sioni aibu katika hilo. Anayependa kazi ya mikono hupenda na zana zake. Ila nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: ni picha gani hasa niliyoshindwa kuipiga, na ni kitu gani kilinizuia?

Kwa swali hilo nilinunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu lake la mwanga hufunguka sana, iliyokwisha kutumika. Ile iliyokuja na kamera ilikuwa inaishia f/5.6 nikiivuta, na jioni shata ilikuwa inabaki wazi muda mrefu mno, kila mtu anayetembea anakuwa ukungu. Tofauti ya f/5.6 na f/1.8 ni kubwa kuliko inavyosikika: mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Pale nilipokuwa nalazimika kutumia moja ya kumi ya sekunde, sasa natumia moja ya mia. Kifaa kile kilijibu shida niliyokuwa nayo mkononi.

Hizo nambari za f zilinisumbua muda mrefu, kwa nini ndogo iwe na maana ya tundu kubwa. Nilitulia siku nilipoambiwa nigawe. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ile milimita 50 iliyoandikwa juu yake, gawanya kwa 1.8, unapata tundu la upana wa milimita 28 hivi. Gawanya kwa 16, unapata milimita 3, kama tundu la msumari. Tangu siku hiyo ninaona tundu lenyewe kichwani, sioni nambari tena.

Lenzi ndefu ya milimita 300 ndiyo niliyoinunua bila kuuliza lile swali. Nilitaka picha za ndege wa mitini. Picha mia mbili za kwanza, hakuna hata moja iliyokaa sawa, na nikaamini nimeuziwa lenzi mbovu. Baadaye nilirudi kuzisoma zile picha moja moja, nikitazama kasi ya shata iliyoandikwa ndani ya kila faili: moja ya 160, moja ya 125, moja ya 160. Kanuni ya wazee inasema kasi isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera yenye sensa (kile kibao kinachopokea mwanga) ndogo kama yangu, ya ukubwa uitwao APS-C, urefu huo huzidishwa kwa 1.5. Kwa hiyo nilihitaji angalau moja ya 500 ili mkono wangu tu usiharibu picha. Ndege mwenyewe akiruka anataka kasi kubwa zaidi, moja ya 2000 au hata kupita hapo. Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo kwenye lenzi humtuliza mpiga picha, ndege hakimtulizi. Lenzi ilikuwa nzima kabisa.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, nitasema kidogo tu. Picha ya ukubwa wa A4, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka nukta 2480 kwa 3508, yaani chini ya milioni tisa. Mwenye kamera ya megapikseli 24 ana ziada ya kutosha. Fedha ya kutafuta megapikseli zaidi heri inunue betri ya pili na karatasi nzuri ya kuchapia.

Mbele ya ukuta wangu kidogo kuna karakana ya seremala. Nilipita pale miezi nikisalimia tu, kamera ikiwa ndani ya begi, kwa sababu naamini mtu si mandhari. Ana haki ya kujua kwanza wewe ni nani. Siku moja nikasema, "Fundi, naomba nikupige picha ukiendelea na kazi." Akasema sawa, mradi asisimame. Alikuwa anapiga randa ubao mrefu karibu na mlango, na mwanga wote ulikuwa unaingia kwa mlango huo mmoja. Maranda yalikuwa yanatoka yamejiviringisha, mepesi kiasi kwamba mwanga unapita ndani yake, na ukungu wa vumbi la mbao ulikuwa umesimama hewani.

Nilifungua lenzi yote, f/1.8, kwa tamaa ya ule ukungu laini wa nyuma. Nyumbani nikakuta ncha ya randa imekaa wembe, na vidole vyake, ambavyo ndivyo nilivyovitaka, vimelainika. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yangu, ukiwa umbali wa mita moja na tundu limefunguliwa hivyo, eneo linaloonekana kwa ukali ni kama sentimita tatu. Ni vidole viwili tu. Nikarudi siku ya pili, f/4, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 1600. Chengachenga ziliingia kwenye vivuli, na sikujali. Kwenye picha ile kuna chembe za vumbi kwenye nywele za mkono wake, kuna mshipa uliovimba, kuna ukucha mmoja mweusi.

Nilimpelekea picha iliyochapwa. Aliishika kwa ncha za vidole, kwa pembeni, kama mtu anayeogopa kuichafua, akaitazama kimya. Kisha akaniwekea kidole juu ya ule ukucha mweusi akanisimulia nyundo iliyouangukia. Hajawahi kunisimulia chochote kabla ya hapo. Ndiyo maana ninasisitiza kuchapa. Picha iliyobaki kwenye kadi ya kumbukumbu haiwezi kupewa mtu mkononi.

Zoezi jingine la njia ileile ni kukisia kabla ya kuinua kamera. Jua kali bila wingu, kanuni ni f/16, na kasi ya shata ilingane na ISO: ISO 100, moja ya mia au karibu na hapo. Ukiingia kwenye kivuli, fungua hatua tatu hivi. Nakisia, ndipo naiuliza kamera. Mwanzoni nilikosea sana, sasa hukosea hatua moja, mara nyingine nusu, na faida yake ni kwamba macho yangu yameanza kuuona mwanga wenyewe kabla ya kuona kilichomulikwa.

Na pale njia panda napenda kufanya kinyume, kupunguza kasi mpaka moja ya 15, nisimame nimebana viwiko mbavuni. Baiskeli zinapita zikawa mistari, na aliyesimama kusubiri anabaki peke yake mtaani. Kila nikifanya hivyo namkumbuka yule mtu asiyejulikana jina kwenye picha ya Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, ya mwaka 1838. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini sahani ya chuma iliyonasa picha ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo kila kilichokuwa kinakwenda kilifutika. Akabaki mtu mmoja aliyekuwa anang'arishiwa viatu, kwa sababu alitulia mahali pamoja muda wa kutosha. Naona ajabu kubwa kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kunaswa kwenye picha alinaswa akiwa na shughuli ndogo kama hiyo, karibu na kona ya njia.

Wiki iliyopita nimekuta mafundi wameukwangua ukuta wangu na kuupaka nyeupe toka mwanzo hadi mwisho. Nilisimama nikasikitika, nakiri. Mabaka yote yamekwenda, mwanga wa ubavuni ukipita hauna cha kushika. Siku mbili sikutoa kamera kwenye begi.

Siku ya tatu nilitoka kazini mapema kidogo, jua likiwa bado linaupiga ukuta usoni. Mama mmoja alikuwa anapita upande wa pili wa njia, jua likiwa mgongoni mwake, na nilitegemea uso wake uwe giza kama nilivyozoea kuona watu hapo saa hizo. Haukuwa giza. Ukuta ule mweupe ulikuwa unaurudisha mwanga wote kuelekea njiani, laini, bila ncha, na uso wake ulikuwa umejaa mpaka chini ya ukingo wa kitambaa alichojitanda. Alikwisha nipita kabla sijamwomba. Nikapima mwanga kwenye kiganja changu mwenyewe, pale alipokuwa amepita: f/4, moja ya 250, ISO 200. Nimeandika kwenye daftari, pamoja na saa.