Msitie Alama Uchungu wa Mwanamke

Bado nina hasira na jaji mmoja. Jumamosi jioni hapa Moshi, dada mmoja alipanda jukwaani kwenye slamu, mashindano ya kughani mashairi, akaghani miezi yake ya uzazi: alivyoletewa mtori asubuhi na jioni, akasifiwa kanawiri, na usiku akimtazama mwanawe asihisi chochote. Mawifi walikagua bakuli kama limeisha. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, usingizi unaupata?" Ukumbi ulitulia kimya. Mshereheshaji akaomba alama, jaji akainua kibao cha 6. Sababu? "Hajatutoa machozi."

Jamani! Mpaka atutoe machozi ndipo tumwamini?

Najua mchezo ulivyo. Tangu Marc Smith auanzishe Chicago miaka ya 1980, majaji huteuliwa humo humo ukumbini, alama ni 0 hadi 10, na mshairi ana dakika kama tatu. Kwa shairi la siasa au la mapenzi sina neno. Ila kwa shairi la sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, alama zinamfundisha binti kwamba kidonda kilichopona hakilipi. Nimewaona mabinti Arusha wakirudi na shairi lile lile, kila mara wamelichimba zaidi. Mwanzo mmoja wao alisimulia mimba iliyotoka. Safari nyingine anasimulia usiku aliotaka kufa. Tena anayasema hadharani, katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji. Alama zinapanda, kweli. Yeye anashuka anatetemeka, anapigiwa makofi, kisha anapanda bodaboda peke yake saa nne usiku kurudi chumbani Ngarenaro. Nani yuko naye saa hiyo? Nani atampigia simu kesho yake?

Wanaosema mwanamke kughani maumivu yake ni kuiga Wazungu waniache kabisa. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, naye yu mgonjwa. Na wale wa "mpelekeni Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, ndio wanaofanya wengine waugulie ndani miaka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila mashindano viti vingebaki vitupu. Vijana wanafuata ushindani, na wengi wamelisikia neno sonona kwa mara ya kwanza kwenye slamu. Basi waandaaji, tengeni sehemu isiyo na majaji. Kabla hajapanda, mshairi aulizwe faraghani: jambo hili limepoa, au bado linakuunguza? Kama bado, aghani akipenda, lakini asipewe alama. Na awepo muuguzi wa afya ya akili au mnasihi tangu mwanzo, mtu anayetambulishwa kwa jina na kuonyeshwa alipokaa, asiyeondoka mpaka mshairi wa mwisho apate wa kumsindikiza nyumbani. Moshi ina hospitali ya KCMC, ina ya Mawenzi. Wataalamu hatuwafuati Dar. Mkisema bajeti ni ndogo, punguzeni spika, huyo mtu abaki.