Kapu la Sarafu Halipimi Deni

Kabla ya Ulaya kuwa na yuro ilikuwa na kapu. Kuanzia Machi 1979 sarafu za wanachama wa Jumuiya ya Ulaya zilichanganywa katika kipimo kimoja kilichoitwa ECU, kila moja kwa uzito uliozingatia ukubwa wa uchumi wake. Nchi zilizoingia katika mfumo wa viwango vya kubadilisha fedha ziliruhusiwa, kwa wingi wao, kuyumba asilimia 2.25 tu juu au chini ya kiwango kilichokubaliwa.

Faida yake haikuwa ndogo. Serikali iliyozoea kushusha thamani ya sarafu kila bei zinapopanda ililazimika kuukabili mfumuko wenyewe. Kapu nalo lilirahisisha makabidhiano: tarehe 1 Januari 1999 ECU moja iligeuka yuro moja, na mikataba ikaendelea. (Hesabu za mwisho za kubadilisha sarafu kuwa yuro zilisubiri hadi 31 Desemba 1998, maana ndani ya kapu bado ilikuwamo pauni ya Uingereza, ambayo haikuwa inajiunga.)

Lakini ukomo huo wa kuyumba ni ahadi, na soko hupenda kujaribu ahadi. Mitaji ilipoachwa huru kuvuka mipaka mwaka 1990, nchi haikuweza tena kushikilia kiwango na papo hapo kujipangia riba. Ujerumani, ikihofia mfumuko wa bei baada ya kuungana, ilipandisha riba. Majirani waliodorora wakabanwa waifuate. Ndani ya kapu mark, sarafu ya Ujerumani, ilikuwa mojawapo tu, sokoni ilikuwa bwana. Tarehe 16 Septemba 1992 Uingereza ilipandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12, ikatangaza 15 kwa siku inayofuata, na jioni ikajitoa katika mfumo. Agosti 1993 ukomo ulitanuliwa hadi asilimia 15. Wapo wanaosema hapo mfumo ulikufa. Mimi naona ndipo ulipopona, kwani walanguzi walikosa mstari wa karibu wa kushambulia.

Shaka yangu iko kwingine. Nchi inayotaka yuro hutakiwa kwanza kukaa miaka miwili ndani ya ukomo. Ugiriki ilifaulu mtihani huo, ikaingia katika yuro mwaka 2001; mwishoni mwa 2009 mgogoro wa deni lake ukalipuka. Denmark imeifunga krone yake na yuro tangu 1999, na haijajiunga. Sarafu tulivu huonyesha nidhamu ya benki kuu. Haionyeshi serikali inakopaje, wala mishahara itajirekebisha vipi siku ambayo hakuna tena sarafu ya kushusha. Sharti hilo la miaka miwili ningelibakiza, ila nisingelipa uzito kuliko daftari la madeni.