Kichocheo cha maganda ya mayai: kasi au uhai mrefu?

Mabanda ya chipsi mayai ya Dodoma, kuanzia Majengo mpaka Ng'ong'ona kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hubakiza taka mbili ambazo mkemia hawezi kuzipita hivi hivi: mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, na maganda ya mayai. Mafuta hayo yakipashwa joto la nyuzi 60 hivi pamoja na methanoli, aina ya alkoholi, na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, hugeuka dizeli. Maganda nayo, ambayo karibu yote ni kalisiamu kaboneti, yakichomwa kwa nyuzi 800 hadi 900 huwa chokaa isiyozimwa, na chokaa hiyo ndiyo kichocheo chenyewe. (Mafuta mapya ya alizeti ya Kongwa na Singida yabaki jikoni; nchi bado inaagiza mafuta ya kula.)

Njia iliyozoeleka hutumia kostiki soda kama kichocheo. Ni ya haraka, saa moja hivi inatosha. Lakini kostiki huyeyuka na kubaki ndani ya dizeli, kwa hiyo dizeli lazima ioshwe kwa maji, mara nyingi kwa kurudia. Mafuta yaliyotumika yana asidi nyingi, na asidi ikikutana na kostiki hutoa sabuni, hivyo maji yanahitajika zaidi. Kwa mji wenye msimu mmoja wa mvua, unaotegemea sana visima vya bonde la Makutupora, hilo si jambo dogo. Kichocheo kigumu kama chokaa hii unakichuja na kukitumia tena, maji yanapungua. Faida yake yote iko hapo, na ndiyo maana suala la kudumu haliwezi kuachwa liwe la mwisho.

Wanaotanguliza kasi ya kichocheo kuliko kudumu kwake wana hoja nzito. Ganda ni la bure, wanasema. Likichoka tupa, choma jingine. Kichocheo kinachofanya kazi polepole hudai joto zaidi na mtungi mkubwa zaidi, gharama ikahamia kwenye nishati. Tena viwanda vya kusafisha petroli vimeishi miaka mingi na kichocheo kinachochoka haraka mno: katika mtambo wa kupasua mafuta mazito, zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana yanayotumika kama kichocheo, hufunikwa na kaboni ndani ya sekunde chache, hupelekwa kwenye chombo cha jirani, kaboni ikaunguzwa kwa nyuzi 700 hivi, kisha ikarudi kazini. Wahandisi hawakusubiri kichocheo kisichochafuka. Walijenga mtambo unaokisafisha.

Naiheshimu hoja hiyo, ila chokaa haifi kwa kufunikwa tu. Unyevu na kaboni dioksidi ya hewani huirudisha ilikotoka, asidi za mafuta huifanya sabuni, na sehemu yake huyeyuka polepole ndani ya methanoli na gliserini, kimiminika kinachotoka pamoja na dizeli. Kilichoyeyuka hakuna moto utakaokirudisha. Kinaingia kwenye dizeli, na kiwango cha Ulaya cha dizeli ya aina hii, EN 14214, kinaruhusu kalisiamu na magnesiamu kwa pamoja zisizidi miligramu 5 kwa kilo. Ukizidisha, unarudi kuosha kwa maji yale yale uliyotaka kuyaokoa. Na kuchoma maganda mapya kila mara kunataka kuni au umeme. Ubure wake unaishia kwenye tanuri.

Historia ya vichocheo vya kutengeneza amonia, gesi inayotumika kutengenezea mbolea, inanishawishi zaidi. Mkemia Mjerumani Fritz Haber alifanikiwa kwa metali za osmiamu na uraniamu. Alwin Mittasch na wenzake wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, wakajaribu maelfu ya michanganyiko mpaka wakafikia chuma chenye alumina (oksidi ya alumini) na potasiamu kidogo, na kiwanda cha Oppau kikaanza mwaka 1913. Alumina huzuia chembe za chuma zisishikamane kwa joto. Uhai mrefu ulipangwa tangu mwanzo. Chuma hicho kinaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 10. Rutheniamu, metali adimu iliyoingia kiwandani Kanada mwaka 1992, ina nguvu zaidi, lakini ni ghali, na kaboni inayoibeba huliwa na haidrojeni. Amonia nyingi duniani bado inatengenezwa kwa chuma.

Kwa chokaa yetu, njia inayofanana na hiyo ni kuifunga pamoja na oksidi nyingine, kama ya zinki, ili kalisiamu isitoke ovyo. Kasi itapungua kiasi. Nakubali hasara hiyo.

Nisichokubali ni ushahidi dhaifu. Tafiti nyingi husema kichocheo kilitumika mara tano bila kupungua, huku kila jaribio likiachwa mpaka karibu mafuta yote yamegeuka. Kichocheo kikiwa kingi na muda mrefu, hata kilichopoteza nusu ya nguvu kitaonekana kizima. Kipimwe mmenyuko ukiwa bado katikati. Kisha kichujwe mchanganyiko ukiwa wa moto, na kimiminika kiachwe kiendelee peke yake: mafuta yakizidi kugeuka, kichocheo kimeyeyuka. Jaribio hilo halihitaji mashine ya gharama. Mwenye karakana ndogo na mafuta safi abaki na kostiki yake. Anayetaka kukusanya mafuta ya mji mzima aanze kwa kupunguza asidi, na asinunue kichocheo kigumu kabla ya kuonyeshwa majibu ya vipimo hivyo viwili.