Jedwali la Excel ndani ya mchoro: liunganishwe au likatwe?

Mchoro wa ujenzi unaofika kwa mkandarasi hubeba majedwali kadhaa: la milango na madirisha, la nondo, la vyumba na malizio yake. Mengi kati ya hayo hayakutengenezwa ndani ya mchoro. Yaliandaliwa kwenye Excel, pengine na mtu asiyewahi kufungua AutoCAD, programu ya kuchorea, kisha mchoraji akatakiwa ayaingize. Hapo ndipo wanafani hugawanyika. Wapo wanaotaka jedwali libaki limeunganishwa na faili lake la Excel, namba ikibadilika kule na huku ibadilike. Wengine wanataka liingie mara moja tu na uhusiano ukatwe, liwe mistari na maandishi kama sehemu nyingine yoyote ya mchoro.

Njia ya tatu, ile ya kunakili kwenye Excel na kubandika hivi hivi, niiweke kando mapema. Ukifanya hivyo AutoCAD hupachika kitu cha OLE, yaani kipande cha Excel kilichokaa juu ya mchoro kama mgeni. Hakifuati mtindo wa maandishi wa mchoro, kimo cha herufi zake kinasumbua kukilinganisha na skeli, na jedwali likiwa refu safu za mwisho zinaweza kukatika. Kinachoitetea njia hii ni haraka peke yake.

Ugomvi wenye maana ulianza baadaye. AutoCAD 2005 ilileta majedwali yake yenyewe, na AutoCAD 2008 ikaongeza amri ya DATALINK, inayolifunga jedwali la mchoro na faili la Excel. Unaweza kuunganisha ukurasa mzima, au eneo la seli unazozitaka tu.

Hoja ya wanaounganisha ina nguvu, hasa kwenye nondo. Tuseme mhandisi amebadilisha nondo za nguzo kutoka milimita 12 kwenda 16. Uzito wa kila mita unapanda kutoka kilo 0.888 hadi kilo 1.58, karibu asilimia 80 zaidi. Kwenye Excel, fomula zikiwa zimepangwa vizuri, anabadilisha kipenyo tu na hesabu zote zinajipanga. Anayechapa upya kwa mkono ana kazi ya kubadilisha kipenyo, uzito wa mita, jumla ya safu, jumla ya ukurasa na jumla kuu. Akisahau moja, jedwali halitalalamika. Litakaa pale limenyooka na mistari yake mizuri, na fundi hana namna ya kujua kwamba jumla ile ni ya nondo za zamani.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Kiungo kinategemea mahali faili lilipo. Folda ikihamishwa, jina la faili likibadilishwa, au mchoro ukitumwa bila faili lake, kiungo kinakufa, lakini jedwali halitoweki. Linabaki na namba za mara ya mwisho liliposomwa, na kwa macho huwezi kulitofautisha na jedwali hai. Tena, hata kiungo kikiwa kizima, si kweli kwamba mambo hujibadilisha yenyewe. AutoCAD hutoa taarifa kwamba faili la chanzo limebadilika, na mtu ndiye anayeamua kusasisha. Taarifa hiyo, kama taarifa nyingi za pembeni mwa skrini, hufungwa bila kusomwa.

Kuna pia tabia za Excel yenyewe. Mlango ulioandikwa 1-3 unageuzwa kuwa tarehe, na chumba namba 007 kinakuwa 7. Tusidhani ni uzembe wa wachoraji tu: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba alama kama MARCH1 zimebadilishwa kuwa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizisoma kama tarehe. Kuzipanga seli za alama kuwa za maandishi kabla ya kuandika chochote kunazuia haya yote, na bado kila siku yanatokea.

Lakini tatizo zito zaidi la kuunganisha halihusu kompyuta. Mchoro ukishatolewa ni hati ya mkataba. Una herufi ya toleo, tarehe, na saini ya anayewajibika. Jedwali lenye kiungo hai linaruhusu namba ndani ya hati hiyo kubadilika huku kisanduku cha toleo kikibaki vilevile. Mkadiriaji majenzi anarekebisha faili lake kwa nia njema, mtu mwingine anafungua mchoro na kukubali kusasisha, na sasa kuna michoro miwili ya toleo B isiyofanana.

Utaambiwa kinachotolewa ni PDF, na PDF haina kiungo. Ni kweli, ila washauri wengine wa mradi huomba faili la DWG, yaani mchoro wenyewe wa AutoCAD, ili wachore juu yake, na mchoro ukishafika kwao kila mmoja ana nakala yake ya ukweli.

Kwa hiyo naona pande zote mbili zina haki, kila moja kwa wakati wake. Usanifu ukiendelea, unganisha. Siku ya kutoa, tengeneza nakala ya mchoro, kata kiungo katika nakala hiyo, na uihifadhi pamoja na nakala ya faili la Excel yenye herufi ileile ya toleo. Faili la kazi linabaki na kiungo chake kwa toleo lijalo. Seli zilizounganishwa ziachwe zimefungwa kama zinavyokuja. AutoCAD inaweza kuruhusiwa kuandika kwenye faili la chanzo, na sijaona faida ya ruhusa hiyo inayozidi hatari yake.

Ila kuna majedwali ambayo hayakupaswa kutoka Excel kabisa. Idadi ya milango inajulikana na mchoro. Kuihesabu kwa macho, kuiandika kwenye Excel, kisha kuirudisha kwenye mchoro uleule ni kuzunguka bure. Amri ya DATAEXTRACTION huzikusanya taarifa hizo kutoka kwenye bloku, yaani mistari iliyofungwa pamoja kuwa kitu kimoja chenye jina, na kuzipanga katika jedwali, na inaweza hata kuzioanisha na bei zilizoko Excel. Sharti lake ni gumu kuliko linavyosikika: kila mlango uwe bloku yenye sifa zilizojazwa. Mchoraji mmoja akivunja bloku tatu kuwa mistari ili arekebishe ukingo, jedwali litatoka na milango mitatu pungufu bila onyo lolote.