Mbuzi wa Jamaika na Watu Wenye Haraka

Hebu tuelewane, jamani. Curry goat, ule mchuzi wa mbuzi wa Jamaika, hauivi kwa dakika 45. Sijui nani anawaandikia watu mapishi hayo. Mbuzi maisha yake yote kapanda vilima, misuli imekaza, halafu wewe unataka alainike kabla taarifa ya habari haijaisha! Saa mbili na nusu, moto mdogo. Akiwa beberu mzee, tatu.

Na balaa linaanzia buchani. Mtu anaomba steki. Steki ya nini? Chukua bega, shingo na mbavu, kilo 2 na mifupa yake, maana kano na mifupa ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito. Ila wakataji wa panga nao wana lao: mfupa unapasuka, vibanzi vinajificha kwenye nyama, na anayevigundua ni jino la mgeni. Osha kwa maji ya ndimu, papasa kipande kimoja kimoja.

Bizari yenyewe, ile ya mchuzi (curry powder), walikwenda nayo Wahindi walioanza kupelekwa kwenye mashamba ya miwa mwaka 1845; kisiwa kikaongeza thaimu na pimento, punje zenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja. Kwa kilo hizo 2: bizari vijiko vikubwa 4, pimento ya kusaga kijiko kidogo 1, chumvi vijiko vidogo 2, vitunguu saumu punje 6, tangawizi, vitunguu majani, matawi machache ya thaimu. Nusu ya bizari ilale na nyama usiku kucha pamoja na viungo vingine. Usiku kucha, si "nusu saa inatosha".

Nusu ya pili inaunguzwa, na hapa ndipo watu wanaponimaliza. Mafuta vijiko vikubwa 3 yapate moto, tia bizari, koroga nusu dakika mpaka inukie na rangi ikolee. Ukiogopa, mchuzi utakuwa na ladha ya unga mbichi. Ukienda kupokea simu, inakuwa nyeusi na chungu. Mwaga, anza upya. Hakuna sukari itakayokuokoa. Watu wa Trinidad wana akili: wanaikoroga kwanza na maji kidogo iwe kama uji mzito, ndipo inaingia kwenye mafuta. Haiungui ovyo.

Nyama ikishaingia, weka hilo jagi chini! Itatoa maji yake yenyewe. Yaache yakauke mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni, kisha ongeza maji ya moto, yaifunike tu. Ya baridi yanazima mchemko na kukurudisha nyuma. Na usichemshe kwa fujo ukidhani unawahi; nyama inajikunja, inakuwa kavu ndani ya mchuzi, maajabu hayo.

Pilipili ni Scotch bonnet, ndugu wa damu wa pilipili mbuzi wetu. Inaelea nzima na kikonyo chake, ikitoa harufu bila kuchoma. Halafu anatokea fundi asiyeitwa, anakoroga kwa mwiko mpaka chini, pilipili inapasuka, watoto wanalia, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza "nani katia pilipili nyingi?"

Wenzangu wa Pwani, najua mikono inawawasha. Liacheni tui. Jamaika tui linakwenda kwenye wali wa maharage, pembeni. Viazi navyo vingoje dakika 25 za mwisho, la sivyo vitavurugika na kushika chini. Kichwa, miguu na utumbo wa beberu vina sufuria yake, supu iitwayo mannish water, inayosifiwa na wanaume kwa sababu zilezile zinazouza supu ya pweza kwetu.

Eti kiporo chake ndicho kitamu zaidi. Kweli, viungo vinakuwa vimezama. Tatizo asubuhi ukifunua sufuria unakuta viazi viwili na mfupa wa shingo, na nyumba nzima ililala saa mbili usiku.