Huku unapewa faili lako, kwetu faili "halionekani"

Hili jambo nimelibishania kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mpaka watu wamenichoka. Kila nikisema hospitali ikimuumiza mgonjwa kwa uzembe alipwe fidia, najibiwa "we umekaa Uingereza umeshakuwa mzungu, sisi huku hatushtaki madaktari". Haya. Ila mimi ni msaidizi thieta huku, yaani chumba cha upasuaji, nasukuma vitanda, naleta vifaa, nasafisha, na nawaambia wa huku wanakosea vilevile, wanapasua upande sio, wanaacha vitu tumboni, kila mwaka England inatangaza makosa ya aina hiyo na ni mamia.

Wanachofanya kuyazuia ni kutojiamini. Mgonjwa anaulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa wodini, anaulizwa tena mlangoni, anaulizwa tena na daktari wa usingizi huku mkanda wa mkononi unaangaliwa, wazee wengine wanawaka kabisa kwamba si nimeshawaambia. Mguu wa kupasuliwa unachorwa mshale kwa kalamu mgonjwa akiwa macho. Kabla ya kisu kugusa mtu wote wanasimama mmoja anasoma karatasi kwa sauti, huyu nani, anafanyiwa nini, upande upi. Gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zinahesabiwa kwa sauti zinaandikwa ubaoni, ikipungua moja tumbo halifungwi, watu wanapekua mpaka kwenye ndoo ya taka.

Na msidhani hiyo karatasi ni mambo ya wazungu. WHO walipoijaribu 2007 na 2008 walichagua miji 8 duniani, London ikiwemo na Ifakara ikiwemo, ndiyo Ifakara yetu hiyohiyo ya Morogoro, na kwa jumla vifo baada ya oparesheni vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka huohuo 2007 ndo pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Na Kenya 2018 hospitali ya Kenyatta, kichwa kimefunguliwa ndo wanagundua hamna damu iliyoganda waliyotaka kuitoa, kumbe mgonjwa siye. Mkurugenzi akapewa likizo ya lazima, makelele wiki kadhaa, basi.

Tofauti kubwa naiona baada ya kosa. Huku tangu 2014 sheria inailazimisha hospitali ikikuumiza ikuite, ikwambie kilichotokea, iombe radhi na ikuandikie barua. Faili unaliomba unapewa nakala bure, kwa kawaida ndani ya mwezi, hawakuulizi la nini.

Sasa wifi yangu, nyumbani. Alijifungua kwa oparesheni, tumbo likawa halitulii, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, mara UTI, anakunywa dawa anarudi anakunywa nyingine, mpaka hospitali nyingine wakampiga ultrasound wakaona kitu, wakafungua, gozi. Kaka akaenda kule kwa mwanzo kuomba faili akaambiwa halionekani, njoo kesho, kesho aliyeshika funguo yuko semina. Baadaye wakaitwa wazee wakakaa na uongozi, wakarudishiwa hela ya oparesheni, wazee wakasema tumshukuru Mungu mtu mzima yuko hai yaishe. Mimi Mungu namshukuru pia, ila gozi haikuwekwa na Mungu jamani, kuna mtu alitakiwa kuihesabu.

Wifi mwenyewe wala hakuwa anataka mamilioni. Alitaka mtu mmoja tu amwambie ndiyo, ni sisi.

Ila msidhani huku fidia ni kama kutoa hela ATM. Kesi inachukua miaka, lazima daktari mwingine wa fani hiyohiyo aandike ripoti kwamba matibabu yalikuwa chini ya kiwango NA kwamba hicho ndicho kilichokuumiza, hapo wengi wanakwama. Msaada wa sheria wa serikali kwa kesi nyingi hizi uliondolewa 2013, watu wanaenda kwa mawakili wa "usiposhinda hulipi", ukishinda wanaweza kumega mpaka asilimia 25 ya sehemu ya fidia yako. Na kwa mwaka 2023/24 bili ya fidia pamoja na mawakili ilifika kama pauni bilioni 2.8 kwa England peke yake, wanalalamika kila siku. Kwa hiyo anayeniuliza tukilipa hivyo dawa tutanunua na nini, swali lake ni la maana, mimi sitaki tuige bili.

Nataka faili. Bila faili wakili hana pa kushika, Baraza la Madaktari Tanganyika nalo litauliza ushahidi uko wapi, na hata likimkuta daktari na kosa linaweza kumfungia au kumfuta, hela ya fidia utaifuata mahakamani. Huko mahakamani kesi ya madhara kama haya lazima uifungue ndani ya miaka 3, na kama hospitali ni ya serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Ukihesabu njoo kesho njoo keshokutwa, muda unaliwa hapohapo dirishani.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inakupa haki ya kupata taarifa zako, na za afya zimo. Kwa hiyo nimemwambia kaka aache kwenda kuomba kwa mdomo. Aandike barua, aitaje hiyo sheria, wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, aipige picha. Wakisema faili halionekani waandike hivyohivyo kwenye karatasi na wasaini.