Tarantula wa kwanza achaguliwe kwa tabia, si kwa rangi

Mwezi uliopita kijana wa mtaani kwetu Tabata alinigongea mlango akiwa na kopo la siagi ya karanga, kifuniko kimetobolewa matundu. Alikuwa ametoka kwao Lushoto. Ndani ya kopo kulikuwa na buibui wa rangi ya chungwa iliyokolea, mkubwa kama kiganja cha mtoto.

"Kaka, huyu nimfuge?"

Kabla sijajibu akaligonga kopo kwa ukucha. Buibui akanyanyua miguu ya mbele, akajiegemeza nyuma mpaka meno yake meusi yakaonekana yote mawili, kisha akapiga ukuta wa kopo kwa miguu, mara mbili, mara tatu. Tulisikia mlio wake.

Nikamwambia hapana. Naandika kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Buibui yule ni tarantula, yaani wale buibui wakubwa wenye manyoya, na anajulikana duniani kwa jina la milima yetu ya Usambara. Kitaalamu ni Pterinochilus murinus. Ughaibuni watu wanamnunua kwa sababu ya ile rangi, na wafugaji wazoefu wanamwogopa kwa mbio zake na wepesi wake wa kung'ata. Akikupata, maumivu ni makali, mkono unavimba, na misuli inaweza kukakamaa. Inaniuma kusema hivi, maana ni wa kwetu na ni mzuri kupita maelezo. Lakini anayeanza asianze naye.

Tarantula wengi wa Afrika na Asia wako hivyo. Kinga yao ni mbio, meno na sumu yenye nguvu. Wengi wa Amerika wana kinga nyingine: juu ya tumbo wana vinyweleo, na wakikereka wanavipangusa kwa miguu ya nyuma vikarukia anayewasumbua. Aliyewahi kupitiwa na upupu shambani ataelewa mwasho wake, na vikiingia jichoni ni safari ya hospitali, si mchezo. Ila kwa kuwa wana vinyweleo hivyo, hawana haraka ya kung'ata, na hata waking'ata sumu yao kwa kawaida haimsumbui sana binadamu.

Ukitaka nikutajie mmoja tu, ni Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye nywele zilizojisokota. Rangi yake ni ya udongo, hana cha kumtambia mtu kwenye picha. Anakula vizuri, anatembea polepole, na ukifungua kifuniko anajikunyata au anarudi shimoni. Grammostola pulchra, yule mweusi wa Brazil, naye ni mtulivu sana, ila anakua taratibu mno. Wa Mexico mwenye magoti mekundu, Brachypelma hamorii, ni mzuri na ana utulivu, japo baadhi yao ni wepesi kurusha vinyweleo. Yule wa bluu wa India anayezunguka kwenye simu za watu, mwache kabisa. Ana mbio na sumu yake ni kali.

Kwa nini nasisitiza tabia? Fikiria tunavyoishi. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, korido moja, watoto wa jirani wanaingia na kutoka. Buibui wa polepole akitoka kwenye boksi unamfunika kwa bakuli, unapitisha kadibodi chini yake, yameisha. Mwenye mbio akipotelea chini ya kabati, mwisho wake ni kandambili ya mtu, au ni mtoto kuumwa. Bibi yangu hakuturuhusu kuua buibui ndani, kwa ajili ya yule aliyetanda utando kwenye pango la Thaur Mtume alipojificha, lakini si kila mwenye nyumba ana huruma ya bibi yangu.

Na neno "mpole" lisikudanganye. Tarantula hakuzoei, hafurahi ukimshika. Upole wake ni kwamba akiguswa hachagui kupigana kwanza. Usimtembeze mkononi hata kama hafanyi kitu, kwa sababu akianguka kutoka usawa wa kifua chako tumbo lake linaweza kupasuka, na hapo hakuna wa kumtibu.

Wa kwangu ni huyo wa nywele zilizojisokota. Niliachiwa na mwenzangu wa kazini alipokuwa anarudi kwao, pamoja na karatasi zake. Miezi michache baadaye nilimkuta amelala chali, miguu juu, hatikisiki. Nilikaa chini pale sakafuni moyo unanidunda. Kisha nikaona ngozi imeachana pembeni mwa kifua, na mguu mmoja mpya, mweupe na laini, ukijivuta taratibu kutoka kwenye ule wa zamani kama mtu anavyovua soksi iliyolowa. Alikuwa anajivua ngozi. Ungemgeuza au kumwachia nyenje wa chakula ndani wakati ule, ungeweza kumuua, maana nyenje humtafuna akiwa bado laini.

Joto la Dar linamtosha, hana haja ya taa. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukaushwa yanafaa kuwa kitanda chake, na kifuniko kifupi cha maji kinamtosha kunywea. Hatari kubwa hapa kwetu ni mbili: dawa ya mbu ya kupuliza, inayomuua buibui kama inavyomuua mbu, na sisimizi. Miguu ya meza yangu inasimama kwenye vikopo vya maji, kama makabati ya chakula ya zamani. Mende wa jikoni usimpe, huwezi kujua walikula sumu ya nani.

Kumpata wa Amerika kihalali hapa si kazi ya siku moja. Wa magoti mekundu wa Mexico wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1985, kwa hiyo lazima vibali viwepo, na anayekuuzia bila karatasi mkimbie. Subiri. Jike anaweza kuishi miaka 20 na zaidi, miezi michache ya kusubiri si kitu.

Yule kijana alirudi Lushoto wiki iliyofuata. Alinitumia picha ya ukingo wa njia, mizizi imetokeza nje, na kati ya mizizi shimo lenye utando mweupe mdomoni. Kopo lilikuwa pembeni, tupu.